Jibu: Ukoo wa Les Baux bado upo?
Mkuu, umeuliza kama ukoo uliotawala kimji cha Les Baux-de-Provence, kusini mwa Ufaransa, bado upo. Tawi lililotawala pale lilishakwisha: Alix, bibi wa mwisho wa ngome ya mji huo, alifariki 1426. Walikuwa na majivuno hao! Walidai wametokana na Balthazar, mmoja wa mamajusi waliofuata nyota hadi Bethlehemu, ndiyo maana nembo yao ni nyota ya ncha 16 juu ya rangi nyekundu. Kardinali Richelieu, waziri mkuu wa Ufaransa, aliamuru ngome ibomolewe 1632. Mwaka 1642 mfalme Louis wa 13 akawapa mji akina Grimaldi, ukoo unaotawala Monaco, na mrithi wa Monaco hadi leo ni Markizi wa Baux. Boksiti nayo, madini ya kutengenezea alumini, ilitambuliwa hapohapo Les Baux, 1821, na mwanajiolojia Pierre Berthier.