Barua kwa mwanangu: Usimtoe kwenye mpira

Mwanangu,

Marahaba. Hapa Butimba sote wazima, na bibi yako miguu imempa nafuu.

Umeniuliza kuhusu binti unayemfundisha, wa kidato cha tatu hapo Nansio, kisiwani Ukerewe, winga wa timu ya shule, aliyeruka mita tano na ushee bila kufundishwa na mtu. Unataka kujua umtoe kwenye mpira abaki na kuruka chini, na kama hajachelewa, maana walimu wenzako wanadai wanaofika mbali huanza utotoni. Pia baba yake, mvuvi, ameuliza kuruka mchangani kutamletea nini mwanawe.

Usimtoe. Na hajachelewa.

Mtazame Chioma Ajunwa wa Nigeria. Mwaka 1991 alishinda kuruka chini kwenye Michezo ya Afrika kule Cairo, na mwaka huohuo akawemo kwenye kikosi cha Nigeria kilichokwenda China, Kombe la Dunia la kwanza la soka la wanawake. Mwaka huo alivifanya vyote viwili, na hata angelazimishwa kuchagua sioni angefaidika nini. Winga anayekimbizana na mabeki kila jioni anajenga kitu kilekile anachokihitaji mrukaji, yaani kasi. Asiye na kasi haruki mbali, hata umfundishe kukunja miguu hewani mwaka mzima.

Agosti 2, 1996, kwenye fainali ya Olimpiki ya Atlanta, mruko wake wa kwanza kabisa ulipimwa mita 7.12. Wenye majina makubwa kumzidi wakabaki kumfukuza hadi jioni ikaisha. Fiona May wa Italia akaishia 7.02. Jackie Joyner-Kersee wa Marekani, aliyekuwa na maumivu ya paja, akapata 7.00 kwenye mruko wake wa mwisho na kuchukua shaba. Hiyo ikawa dhahabu ya kwanza ya Nigeria tangu ianze kushiriki Olimpiki. Timu ya soka ya wanaume iliipata ya kwake kesho yake. Ile 7.12 ilikaa kama rekodi ya Afrika karibu miaka 25, hadi Mnigeria mwenzake, Ese Brume, aliporuka 7.17 mwaka 2021.

Sasa hesabu tofauti ya dhahabu na fedha hapo: sentimita 10. Ubao wa kurukia una upana wa sentimita 20. Mruko haupimwi kuanzia mguu ulipoondokea, unapimwa kuanzia ukingo wa ubao ulio upande wa mchanga. Kwa hiyo mrukaji anayekanyaga nyuma ya ubao kwa kuogopa kuuvuka na mruko kufutwa anagawa sentimita zake bure, na hizo ndizo medali. Hapo ndipo kazi yako ilipo, mwanangu. Nguvu binti anazo tayari. Umpe mwendo wa kuufikia ubao.

Fanya hivi. Asimame juu ya ubao, mgongo kwa mchanga, akimbie kurudi nyuma ya njia kwa kasi yake ya kweli, hatua kumi na mbili. Wewe simama pembeni uone mguu wake wa kurukia unatua wapi, weka alama. Arudie mpaka alama zikaribiane, hapo ndipo pa kuanzia. Kisha mwangalie macho. Wachezaji wa mpira wana mazoea ya kutazama chini, na akiutazama ubao atafupisha hatua za mwisho na kasi yote itamwishia hapo. Atazame mbele, juu ya upeo wa shimo. Mchanga mnao hapo ufukweni, tena mzuri, ila muuchimbue kwa jembe na kuumwagia maji kabla ya kuruka, alama ya kisigino ionekane na vifundo vya miguu visiumie.

Wenzako watakwambia Ajunwa aliwahi kufungiwa. Ni kweli, na binti asimuliwe yote. Mwaka 1992 alifungiwa miaka minne kwa kosa la dawa zilizokatazwa michezoni, naye amekana siku zote. Adhabu iliisha mwaka huohuo wa Atlanta. Mimi kinachonigusa ni ile miaka minne ya kufanya mazoezi bila shindano hata moja mbele yake. Wewe mwambie binti pia kwamba asimeze kidonge wala unga wa mtu yeyote kwa ahadi ya nguvu, hata akipewa na mwalimu.

Kwa mzee wake nenda mwenyewe, tena jioni, akiwa ameshatoka ziwani na kupumzika. Usimwahidi fedha. Mweleze kwamba Ajunwa alikuwa askari polisi, na kwamba hata kwetu JKT (Jeshi la Kujenga Taifa), Polisi na Magereza wana timu zao za michezo. Mwahidi kwamba masomo hayataguswa, kisha uitimize ahadi hiyo.

Inaniuma kwamba Kanda ya Ziwa tunajua kusifu mbio tu. Tuna haki ya kuzisifu, maana Suleiman Nyambui wa Majita alileta medali ya fedha ya mita 5,000 kutoka Moscow mwaka 1980. Lakini kuruka chini tumekufanya kitu cha kujazia ratiba ya UMISSETA, michezo ya shule za sekondari: mtoto anaruka mara tatu, anapigiwa makofi, anarudi darasani, na hakuna aliyeandika mahali aliruka ngapi.

Kwa hiyo nunua daftari. Tepu yangu ya kupimia nitaituma kwa meli ya Nansio, uikaushe vizuri kila mkimaliza isije ikashika kutu. Ukishampima, niandikie namba zote, na kwa kila mruko useme mguu ulikanyaga wapi kwenye ubao.

Mama yako