Si kila anayeacha miwani nyumbani anaona haya

Umeuliza kwa nini kaka yako mwenye miaka 45 anaiacha miwani yake ndani ya gari, ilhali hawezi kusoma ujumbe wa simu bila kunyoosha mkono, na umekisia kuwa ni majivuno. Mimi niliilaza yangu ya kuonea mbali kwenye droo kwa miaka mitatu, kwa hiyo nitajibu kwa yaliyonipata.

Haya ilikuwepo, sikatai. Siku ya kwanza ofisini niliitwa profesa mpaka jioni. Utani huo uliisha wiki ile ile. Kilichonishinda ni kwamba kila nilipoivaa zaidi ya nusu saa kichwa kilianza kuniuma, na sakafu ilionekana imeinama. Nikaamini lenzi zinaniharibu macho, hasa kwa kuwa nilipoivua niliona ukungu mzito kuliko zamani. Kumbe ukungu ulikuwa ule ule niliouzoea, ila sasa nilikuwa na cha kuulinganisha nacho.

Nikaishi kwa ujanja. Daladala za Dar es Salaam nilizitambua kwa rangi ya mstari ubavuni, na usiku nilimsikiliza konda. Ujanja ukaniumbua siku mama mkwe aliponipungia mkono kutoka ng'ambo ya barabara, nami nikamtazama usoni na kupita bila kumwamkia. Shemeji zangu waliambiwa kuwa siku hizi naringa.

Niliporudi kupima nilikwenda na ile miwani, na mtaalamu akaikagua kwanza. Nguvu ya lenzi ilikuwa sahihi, lakini kitovu cha kila lenzi hakikuwa mbele ya mboni, na fremu, kwa upana wake, iliteleza puani kila nilipotoka jasho. Nilitengenezewa nyingine, nikaivaa mfululizo, na baada ya siku kumi hivi sakafu ikatulia.

Kuhusu kaka yako, muulize kwanza kama ni miwani ya kusomea. Kuanzia miaka 40 hivi lenzi iliyo ndani ya jicho hukakamaa, na miwani inayotolewa kwa tatizo hilo husaidia vitu vya karibu tu. Ukiinua uso kutazama barabara, kila kitu huingia ukungu. Dereva hana budi kuivua, na akishaivua huisahau hapo hapo garini. Akienda kupima tena, aibebe, maana wengi wetu huenda mikono mitupu, tukapimwa macho na miwani yenyewe isikaguliwe.