Mjumbe mzaliwa wa nje, atolewe kwenye kamati kisa vita?

SWALI: Assalaam alaykum sheikh. Mi niko Mwanjelwa hapa Mbeya. Kamati yetu ya shule ina mzee mmoja mzaliwa wa Rwanda, ni raia wa tajnisi miaka mingi, ndo mmoja wa wanaosaini hundi. Tangu waasi wa M23, wanaodaiwa kusaidiwa na Rwanda, waingie Goma kule Kongo Januari 2025 watu wanamnyooshea kidole, akipokea simu kwa Kinyarwanda wanakonyezana, juzi ikapigwa kura atolewe, hakuwepo, na mimi nikanyoosha mkono. Nina dhambi?

JIBU: Wa alaykumu salaam. Ndugu yangu, ndiyo, tubu. Suratul Hujurat aya ya 12 Allah anatuamrisha tujiepushe sana na dhana maana baadhi ya dhana ni dhambi, na aya hiyohiyo inakataza kupelelezana na kusengenyana, sasa nyie mmetega sikio simu ya mtu, lugha yenyewe hamuijui, mkamteta, mkamhukumu hayupo.

Uchungu wa watu naujua, askari wetu wamefia kule Kongo. Lakini mwaka wa 5 Hijria Madina inajiwa na jeshi la watu kama elfu 10, Mtume (s.a.w.) anashauriana na masahaba, na anayetoa wazo la kuchimba handaki ni Salman, Mfursi yaani Mwajemi, mtu wa mbali kabisa, tena kwenye jambo la ulinzi wa mji mzima! Wazo likachukuliwa na Mtume mwenyewe akabeba udongo.

Utasema, je akiwa msaliti kweli? Sahaba Hatib bin Abi Balta'a alishikwa na ushahidi, barua yake ya kuvujisha siri kwa maadui, Makureshi wa Makka, ilitolewa kwenye nywele za mwanamke aliyeibeba, Umar anataka kumkata shingo, na bado Mtume akamuuliza kwanza, Hatib, nini hiki? Akasikilizwa. Mzee wenu barua yake iko wapi, na nani kamuuliza?

Hata Uingereza 1915, wako vitani na Wajerumani, watu walifungua kesi Edgar Speyer na Ernest Cassel, wenye asili ya Ujerumani, watolewe kwenye baraza la washauri wa mfalme kwa vile hawakuzaliwa kwao, mahakama ikakataa.

Mwenye ushahidi aende polisi. Hundi mkitaka kukagua kagueni, ila za wasaini wote sio zake tu. Na wewe mfuate kwake umuombe radhi, hii ni haki ya mja haifutwi kwa istighfari peke yake, halafu kikao kijacho simama mbele ya haohao useme kura yako umeiondoa na mzee aitwe asikilizwe akiwepo.