Mwanao Anataka Kuigiza? Soma Hii Kabla ya Usaili

Tangu mwanangu aonekane kwenye tangazo la televisheni, na baadaye kwenye tamthilia, kuna swali ninaloulizwa kila mahali, kanisani, saluni na kwenye makundi ya WhatsApp: "Mama, ulimpitishia kwa nani?" Wazazi wengi wa hapa Dar wanaamini kuna mtu fulani ambaye ukimpata na kumshika mkono, mtoto ameshaingia. Mtu huyo hayupo. Wanaomwingiza mtoto kwenye kazi hii ni mtoto mwenyewe anayependa kuigiza, na mzazi aliye tayari kukaa naye lokesheni, yaani mahali pa kurekodia, kuanzia asubuhi mpaka vifaa vinapofungwa. Kama huna muda huo, na huna bibi wala shangazi wa kuaminika wa kukaa kwa niaba yako, naomba msubiri kwanza.

Anza kwa kujiridhisha kwamba anayetaka ni yeye. Watoto wengi hupelekwa kwa sababu majirani wamesema "huyu mzuri, anafaa matangazo." Uzuri wa sura husaidia kidogo sana. Mtoto anayependa kuigiza utamjua nyumbani: anamwiga mwalimu wake, anamwiga konda wa daladala, anabadilisha sauti akicheza na wenzake hata pasipo mtu wa kumtazama. Mwingine ni mchangamfu kweli, lakini akitazamwa na watu wageni anaganda. Huyo usimlazimishe, pengine mwakani atakuwa tayari, pengine hatapenda kamwe, na bado ni mwanao.

Mahali pa kuanzia ni pale alipo. Ngonjera za shule, igizo la Krismasi, kaswida za madrasa, maadhimisho ya Siku ya Mtoto wa Afrika kila Juni 16: zote hizo ni jukwaa la bure, na zinamfundisha kusimama, kusubiri zamu yake na kutamka maneno yakasikika nyuma ya ukumbi. Wenzetu wa Kenya wana tamasha la kitaifa la drama na filamu la shule, na mtoto anayepitia huko anajifunza mengi kabla hajaiona kamera. Hata wanaotafuta waigizaji wa filamu kubwa hupita sehemu kama hizo. Madina Nalwanga wa Uganda, aliyeigiza nafasi kuu kwenye Queen of Katwe ya mwaka 2016, alionekana kwenye darasa la kucheza dansi Kampala. Alikuwa hajawahi kucheza filamu.

Kuhusu picha, usitumie pesa. Piga kwa simu, mchana, mtoto akiwa karibu na dirisha au kwenye kivuli cha wazi, nyuma yake ukuta mtupu. Moja ya uso, moja ya mwili mzima, moja ya upande. Asipakwe poda, asivalishwe suti ya kukodi, asipewe pozi la mtu mzima. Wanaochagua wanataka kuona mtoto alivyo leo, na kwa kuwa watoto hukua haraka, picha za mwaka jana hazina kazi. Sare ya shule yenye nembo isionekane, na mtaa mnaoishi usitajwe. Video nayo iwe fupi: ajitaje jina, umri na urefu, kisha aseme jambo analolipenda kwa maneno yake mwenyewe.

Sasa suala la pesa za kuanzia, maana hapa ndipo wazazi wanapoumizwa. "Ada ya usajili", "pesa ya fomu", "lipia portfolio (albamu ya picha zake) ndipo tumpeleke kwa dairekta": ukisikia lolote kati ya hayo, ondoka. Pesa hutoka kwa mzalishaji kwenda kwa mtoto. Wakala wa kweli anakata asilimia yake baada ya mtoto kulipwa, na asilimia hiyo imeandikwa. Kama ni filamu au tamthilia, omba kuona kibali cha Bodi ya Filamu; mwenye kazi halali hakasiriki ukimwuliza. Usaili ufanyike ofisini au ukumbini, mchana, nawe ukiwepo. Mtu akikwambia mtoto aingie peke yake huku wewe ukisubiri nje ya geti, au akiomba picha za mtoto akiwa nusu uchi, usibishane naye. Toa taarifa Dawati la Jinsia na Watoto polisi, au piga 116, simu ya bure ya kusaidia watoto.

Maandalizi ya usaili yana kosa moja linaloonekana haraka: mtoto aliyefundishwa kila ishara na mama yake. Mkono unapanda kwenye neno lilelile, macho yanamtafuta mama pembeni. Mimi simfundishi wangu namna ya kusema. Namwuliza: wewe ni nani hapa? Unaongea na nani? Unataka nini kwake? Kisha namsomea maneno ya mhusika anayeongea naye huku nikikata mchicha, nimempa mgongo, sauti yangu bapa kabisa. Kazi yake ni kunifanya nigeuke. Siku anayoipata, hata mimi niliyesoma maneno hayo mara nyingi najikuta nimeacha kisu. Hapo yuko tayari.

Akikosa nafasi, mwambie ukweli: pengine walitaka mtoto mrefu zaidi, pengine walitaka anayefanana na mama wa kwenye hadithi. Mara nyingi ndivyo ilivyo. Msinunue zawadi ya kumfariji kana kwamba kuna msiba.

Akipata, kabla ya kusherehekea, isome sheria. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtambua kama mtoto kila aliye chini ya miaka 18. Inaruhusu kazi nyepesi kuanzia miaka 14, isiyomdhuru wala kumzuia masomo, na inakataza kazi ya usiku, kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi. Mkataba wa Shirika la Kazi Duniani (ILO) namba 138, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1998, unatoa nafasi kwa watoto kushiriki sanaa, lakini kwa kibali kinachotaja saa na masharti. Kwa hiyo kama mwanao yuko chini ya miaka 14, mwulize mzalishaji kibali cha mtoto kiko wapi, na ukipata jibu la kuzungukazunguka, nenda kwa afisa kazi au afisa ustawi wa jamii wa halmashauri yako. Pia zungumza na mwalimu mkuu mapema, kwa barua. Mwaka wa mtihani wa taifa wa darasa la nne sisi tulikataa kazi zote za siku za shule.

Lokesheni penyewe pana mambo ambayo hakuna anayekuhadithia. Nikupe mfano wa matangazo ya chakula. Mtoto anang'ata biskuti, anatabasamu, dairekta anasema "tena." Taa imesogezwa, tena. Mkono umefunika jina la bidhaa, tena. Pembeni ya kamera huwa kuna ndoo ya kutemea, watu wazima wanaijua. Lakini watoto wetu tumewalea kwamba kutema chakula mbele za watu ni utovu wa adabu, kwa hiyo wanameza kila kipande kwa heshima zote. Nilimwona binti mdogo akitapika kwenye gauni la tangazo, kisha akaomba msamaha akilia kama aliyetenda dhambi. Mwambie mwanao nyumbani kabla hamjatoka: leo kutema ruksa, ndoo ni ya kazi. Bebeni maji, chakula cha kawaida cha nyumbani na nguo ya kubadilisha, kwa sababu chakula cha lokesheni huchelewa.

Jambo zito zaidi ni machozi. Kwenye kazi moja, mwanangu alitakiwa kulia na machozi hayakutoka. Nikamsikia msimamizi mmoja akimwinamia na kumnong'oneza, "Fikiria mama yako amekufa. Yuko mochwari sasa hivi." Nilisimama nikasema kwa sauti ya kawaida, "Samahani kaka, hapana. Mwanangu hatumwambii hivyo." Pakawa kimya. Nikaomba tupumzike. Dairekta, na ninamshukuru mpaka leo, akaja akachuchumaa mbele ya mtoto, akamwambia ajizuie kulia, afumbe mdomo, atazame mlango mtu asije akamwona. Uso ule wa mtoto anayejizuia ndio waliourusha hewani, na hauna chozi hata moja.

Kwa hiyo kaa mahali unapoweza kusikia, siyo kuona tu. Usimwelekeze mwanao kuigiza mbele ya dairekta, hiyo siyo kazi yako pale, lakini akitishwa, akiguswa pasipostahili, akivalishwa nguo isiyo ya umri wake au akipelekwa kubadilishia nguo katikati ya wanaume, una haki ya kusimamisha. Kwenye maonyesho ya mavazi hilo la nguo na chumba cha kubadilishia hutokea sana, kwa sababu kila mtu ana haraka. Na tukio la huzuni likiisha, mnawishe uso, mwite kwa jina lake la nyumbani, mwulize habari za mambo yake ya kawaida. Wangu hupenda kuulizwa kuhusu kuku wa bibi yake.

Mkataba utausaini wewe, maana mtoto hawezi kujifunga kisheria. Usisaini siku ya kurekodi huku watu wakikusubiri. Uombe siku kadhaa kabla. Soma vizuri kipengele cha matumizi: tangazo litarushwa kwa muda gani, kwenye televisheni tu au na mabango na mitandao, nchi hii tu au na nchi jirani, na je, sura ya mwanao inaweza kuwekwa kwenye bidhaa nyingine ya kampuni hiyohiyo? Palipoandikwa "milele", omba miaka itajwe. Tarehe ya malipo nayo iandikwe.

Pesa ni ya mtoto. Huko Marekani, Jackie Coogan, aliyepata umaarufu akiwa mdogo kwa kuigiza na Charlie Chaplin mwaka 1921, alikuja kugundua ukubwani kwamba mama yake na baba wa kambo walikuwa wametumia karibu chote alichochuma. Kesi yake ilizaa sheria ya California ya mwaka 1939, na leo asilimia 15 ya mapato ya mtoto huko lazima itunzwe kwa ajili yake. Sisi hatuna sheria kama hiyo, lakini tuna akaunti za watoto, kama Junior Jumbo ya CRDB au Mtoto Akaunti ya NMB. Nyumbani kwetu tunatoa nauli na gharama za siku ya kazi, kinachobaki chote kinaingia kwenye akaunti yake. Ada ya shule ni jukumu langu na baba yake, kama ilivyokuwa kabla ya tangazo.

Mwisho, mwulize kila kazi inapoisha kama anataka kuendelea, na umwulize mkiwa peke yenu, siyo mbele ya mzalishaji. Akisema amechoka, kwenye tamthilia toa taarifa mapema kabla msimu mpya haujaandikwa. Waandishi wakipewa wiki chache wanajua pa kumpeleka mhusika: shule ya bweni Morogoro, kwa bibi Tanga, popote, na mtoto anarudi darasani bila mtu kumnunia.