Jibu: Filta ya jua kwa darubini ya milimita 114

Ndugu, umeuliza kama hiyo filta ndogo nyeusi iliyokuja na darubini yako, ile ya kufungia kwenye lenzi ya jicho, inafaa kutazamia jua. Haifai. Itupe leo, tena ivunje kwanza asije mtoto akaiokota. Inakaa karibu na pale kioo kinapokusanya joto lote. Ikipasuka ghafla, jicho limekwenda.

Filta ya jua hukaa mbele, mdomoni mwa darubini, ili mwanga upunguzwe kabla haujaingia. Tafuta karatasi ya filta iitwayo Baader AstroSolar, ya kipimo cha giza 5.0, yaani inayopitisha sehemu 1 tu kati ya 100,000 ya mwanga. Mimi nilikata pete mbili za boksi gumu, nikaibana karatasi katikati kwa gundi, kisha nikazungushia ukosi mrefu unaolibana bomba vizuri. Usiivute ikakaza kama ngoma! Mikunjo midogo haiharibu picha. Kuivuta ndiko kunakoharibu. Kila mara kabla ya kuifunga imulike kwa taa, na ukiona tundu, hata la sindano, usiitumie. Ukishaivisha ipige tepu pembeni, maana upepo hauna adabu.

Ile darubini ndogo ya kulengea iondoe kabisa. Lenga kwa kivuli: kivuli cha bomba kikiwa kifupi kuliko vyote, jua limo.

Tazama asubuhi, ukiwa kwenye nyasi. Mabati ya jirani yakishapata moto, kingo za madoa ya jua huchezacheza kama maji yanayotokota.