Maswali yenu: Nchi inajuaje inahitaji manowari ngapi?

Toleo lililopita tuligusia kidogo tu majeshi ya wanamaji na jinsi yanavyopangwa, sikutegemea kabisa maswali yaje mengi hivi. Siwezi kujibu yote, nimechukua manne ambayo nimeona yanabeba na mengine ndani yake. Mmoja mmoja twende.

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa chuo, nasoma uchumi. Nimesikia Marekani wanataka meli za kivita 355, sasa najiuliza nani huyo alikaa akapiga hesabu akafika 355, kwanini isiwe 300 au 400? Na nchi isiyo na hela kama zao inapangaje?

JIBU: Marahaba mwanangu, swali zuri sana hili. Hiyo namba ilitoka Desemba 2016 kwenye tathmini ya jeshi lao la wanamaji, na 2017 ikaingizwa kwenye sheria kama sera ya nchi. Walichofanya ni kuwauliza makamanda wa kila eneo la dunia, nyie mnahitaji nini ili mfanye kazi zenu zote, wakaleta orodha, ikajumlishwa ikafika meli 653! Ndo wakaanza kukata, hii kazi tunaweza kuihatarisha kidogo, hii inaweza kusubiri, mpaka wakafika 355. Na mpaka leo hawajafika, bado wako chini ya 300. Kwa hiyo hiyo namba isikutishe, ni makubaliano kati ya kinachotakiwa na kinachowezekana, na huko chini yake kuna hesabu ambayo hata nchi yenye boti chache inaifanya vilevile.

Ngoja tuifanye pamoja. Chukua nchi yoyote yenye pwani ya maili 500 za baharini. Kwa mkataba wa sheria ya bahari wa 1982 eneo lake la kiuchumi linaenda hadi maili 200 nje, yaani karibu kilomita 370. Mia tano mara mia mbili ni maili za mraba 100,000. Sasa una meli moja ya doria inatembea noti 12, yaani maili 12 za baharini kwa saa, kwa siku nzima usiku na mchana inakata maili 288. Tuseme rada yake inaiona boti ndogo ya uvuvi kwa uhakika umbali wa maili 10 kila upande, basi inafagia ukanda wa upana wa maili 20, ambayo ni kama maili za mraba 5,760 kwa siku. Gawanya, utaona meli hiyo inahitaji siku 17 hivi kulipitia eneo lote mara moja tu, na mwizi wa samaki hakusubiri siku 17. Ukisema unataka kila kipande kionwe angalau mara moja kwa wiki, unahitaji meli tatu ziko baharini muda wote.

Hapo ndo watu wengi wanakosea, wanasikia tatu wanaenda kununua tatu. Meli haikai baharini mwaka mzima, moja ikiwa kazini nyingine iko chelezoni, pale meli zinapotolewa majini, inatengenezwa, na ya tatu mabaharia wake wako mazoezini wanajiandaa kwenda kumpokea mwenzao, kwa hiyo ukitaka moja baharini panga tatu, na kwa nyambizi wengine wanapanga nne kabisa. Uingereza tangu 1969 wana nyambizi moja angalau ya makombora ya nyuklia iko majini kila siku ya Mungu, na kuifanya hiyo moja iwepo wanamiliki nne. Wafaransa wana manowari moja tu inayobeba ndege, Charles de Gaulle, ilipoingia matengenezo makubwa 2017 karibu miezi 18 nchi nzima ikawa haina hata moja. Na hii kanuni ya kupanga tatu kwa moja yenyewe ni ya siku nzuri, maana Waingereza hao hao wana distroya sita, manowari za kuzuia ndege na makombora, za daraja la Type 45 (daraja ni kundi la meli za mchoro mmoja), na katikati ya 2021 kuna wakati ilibaki moja tu inayoweza kazi, nyingine zote ziko gatini, kwa sehemu shauri ya mfumo wa umeme na injini uliokuwa unazimika hasa kwenye maji ya joto.

Kwa hiyo zile tatu zetu zimekuwa tisa. Hela ya tisa haipo? Basi unarudi nyuma kwenye swali la kwanza, la namna ya kuliona eneo lote, unaweka ndege za doria ziangalie eneo na meli iende tu pale penye kitu, unaweza kushuka mpaka tano au nne. Ndo maana mimi mtu akiniambia nchi fulani ina meli 40 huwa namuuliza, siku ya leo ziko baharini ngapi?

SWALI: Mimi ni mlipa kodi wa kawaida. Kwanini serikali zinang'ang'ania kujenga meli kwenye viwanda vya kwao wakati kununua nje ni bei rahisi na unapata haraka? Si ni siasa tu hizi za ajira?

JIBU: Ndugu yangu, siasa zipo, sitakudanganya, na kama nchi inahitaji meli tatu tu kwa miaka 30 ijayo basi inunue nje isijisumbue na kiwanda. Lakini hili swali ndo linaniuma kuliko yote humu kwa hiyo nivumilie nikieleza kwa urefu.

Kiwanda cha meli sio majengo na kreni. Ni wachomeleaji wanaojua kuunganisha chuma kinene bila ufa, wachoraji, mafundi wa mabomba, watu wa nyaya, mkaguzi ambaye akigonga tu anajua hapa pamekosewa. Watu hao wanajifunza kwa kujenga, meli ya kwanza ya daraja inakula masaa mengi ya kazi, ya pili inapungua, ya nne ya tano mkono umeshazoea. Ukikata oda wanatawanyika, wengine wanaenda kwenye mafuta na gesi, wengine wanastaafu, na hawarudi. Kiwanda cha Barrow kule Uingereza kilikuwa na wafanyakazi zaidi ya elfu kumi mwanzoni mwa miaka ya 1990, nyambizi za Vanguard zilipokuwa zinaisha wakabaki elfu chache, halafu serikali ikaja 1997 na oda ya nyambizi mpya ya Astute ikidhani itaendelea pale ilipoachia. Wapi! Wasanifu wazoefu wameshaondoka, gharama zikapanda, ratiba ikachelewa miaka, mwisho ikabidi kuomba wataalamu wa Electric Boat, kampuni ya Marekani inayounda nyambizi, waje kusaidia, na Astute yenyewe ikaingia kazini 2010. Canada nao walijenga frigeti, yaani manowari za ukubwa wa kati, 12 za daraja la Halifax, ya mwisho ikatoka 1996, halafu kimya, mpaka 2010 ndo wakatunga mkakati wa taifa wa kuunda meli ambao kiini chake ni kwamba oda zisiwe za mafungu, viwanda viwili vichaguliwe na vipewe kazi ya miaka mingi mfululizo.

Sasa angalia Japani, hawa ndo nawapenda kwa mpango wao. Kobe kuna viwanda viwili, cha Mitsubishi na cha Kawasaki, vinapokezana, karibu kila mwaka inatoka nyambizi moja. Haraka hamna, kusimama hamna. Mwaka 2010 wakaamua kuongeza nyambizi kutoka 16 hadi 22, na unajua walifanyaje? Hawakuongeza kasi ya kiwanda wala kujenga kiwanda kipya, waliacha tu kuzistaafisha mapema, ile iliyokuwa inaondoka ikiwa na miaka kama 16 ikaendelea mpaka miaka 20 na kitu, na 2022 wakafika 22. Moja kwa mwaka, ikiishi miaka 22, una nyambizi 22. Nilipoielewa hii hesabu mara ya kwanza niliamka nikatembea chumbani, kweli kabisa, kwa sababu inageuza swali lote. Mpangaji haanzi na nataka meli ngapi, anaanza na nchi inaweza kulipia meli moja kila baada ya muda gani bila kukatisha, na meli yangu itaishi miaka mingapi, ukizidisha hapo idadi inajitokeza yenyewe. Kama unaweza moja kila miaka miwili na inaishi miaka 28, jeshi lako ni la meli 14. Ukitaka 20 usipige kelele, tafuta hela ya kuongeza mwendo wa ujenzi au tunza vizuri ziishi zaidi, njia ya tatu hakuna. Wajerumani waliandika kitu kama hiki kwenye sheria zamani sana, sheria ya 1898 ilitaja umri wa kila aina ya meli, manowari kubwa miaka 25 kisha ibadilishwe, na 1908 walipotaka kuongeza ujenzi walishusha tu umri huo ukawa 20.

Na nchi ndogo isidhani haya ni ya wakubwa. Bangladesh walikuwa na kiwanda cha Khulna kinachopata hasara, 1999 kikakabidhiwa jeshi lao la wanamaji, wakakifufua, wakaunda boti tano za doria kwa msaada wa Wachina, baadaye meli mbili kubwa zaidi ambazo mbili za mwanzo za mchoro huo huo zilikuwa zimeundwa China. Singapore vilevile, frigeti ya kwanza iliundwa Lorient, Ufaransa, tano zilizobaki zikaundwa kwao. Unaanza na unachokiweza, ya kwanza unanunua pamoja na kuwapeleka mafundi wako wakae pale wafanye kazi sio wapige picha, kisha zinazofuata unajenga nyumbani. Kwa hiyo unaponiuliza bei, mimi nauliza bei ya lini, maana bei ya kununua meli ni sehemu ndogo, kuitunza mpaka izeeke kunakula mara mbili zaidi ya hapo, na mtu aliyeiunda mwenyewe hahitaji kusubiri fundi kutoka ng'ambo kila bomba likipasuka.

SWALI: Bora meli kubwa chache au ndogo nyingi?

JIBU: Inategemea kazi, sio ukubwa. Kufukuza wavuvi haramu na magendo, meli ndogo nyepesi yenye bunduki moja na helikopta inatosha kabisa, ukiipeleka frigeti ya makombora huko unachoma hela. Ila kulinda misafara ya meli za mizigo dhidi ya makombora na ndege, hiyo ndogo inakuwa jeneza. Kosa baya ni lile la kutaka meli moja ifanye kila kitu. Wamarekani walitengeneza meli ndogo za pwani wakisema zitabadilishwa vifaa kila kazi ikibadilika, vile vifaa vikachelewa miaka na miaka, injini zikasumbua, na USS Sioux City iliyoanza kazi 2018 ikastaafishwa 2023, hata miaka mitano haikufika. Wakahamia frigeti ya Constellation, wakachukua mchoro wa Ulaya unaofanya kazi tayari, safi, halafu wakaanza kuubadili badili mpaka ukabaki kufanana kidogo sana na ule wa mwanzo, na ujenzi ukaanza 2022 mchoro haujaisha. Novemba 2025 wakaukata mpango, zikabaki meli mbili za kwanza tu. Ukichukua mchoro wa mwenzio na unafanya kazi, uache kama ulivyo. Nasema hivi kwa uchungu maana kosa hili linarudiwa kila kizazi.

SWALI: Nimekaa chumba cha injini miaka 22 mpaka nimestaafu. Kila nikisoma mipango hii naona meli, meli, meli. Sisi watu tunahesabiwa wapi?

JIBU: Shikamoo mzee wangu. Una haki ya kukasirika, kwenye mipango mingi mnahesabiwa mwisho na ndo mahali mipango inapokufa. New Zealand 2022 walifunga meli za doria bandarini, nzima kabisa, kwa sababu mabaharia na mafundi walikuwa wameondoka kutafuta mshahara bora uraiani. Afrika Kusini walinunua frigeti nne na nyambizi tatu kwenye mkataba wao mkubwa wa silaha wa 1999, meli nzuri, lakini hela ya matengenezo na ya kufunza watu haikuzifuata na kwa miaka mingi sehemu kubwa zimekaa gatini zinasubiri zamu ya chelezo.

Wajerumani wamejaribu kitu nafikiri utakipenda, frigeti zao nne za Baden-Württemberg zina vikosi nane vya mabaharia, meli inabaki huko mbali, watu wanapelekwa kwa ndege kupokezana kila baada ya miezi minne hivi, kwa hiyo baharia anajua tarehe ya kurudi nyumbani na meli haipotezi wiki nzima za safari. Lakini hapo una watu mara mbili kwa kila meli, ukiwa huna watu usijaribu.

Chuma unaweza kukinunua kesho, fundi mkuu wa injini huwezi. Ukihesabu mafunzo, kupanda ngazi, na miaka ya kushika zamu baharini, ni miaka 15 na zaidi, yaani anayetakiwa kusimamia injini za manowari itakayoshushwa majini 2040 inabidi awe ameandikishwa sasa hivi, na mpango uwe na jina la chuo atakachosoma, nyumba ya familia yake, na sababu ya yeye kubaki akifika miaka kumi kazini, maana hapo ndo wengi wanaondoka. Ningekuwa napanga mimi ningeandika jedwali la watu kwanza, la meli lifuate.

Mzee, kama bado una daftari zako za kazi tuandikie tena tafadhali, hasa namna mlivyokuwa mkigawana zamu chumba cha injini kikiwa na upungufu wa watu. Nitaichapa yote bila kukata.