Divisheni II yenye E ya Fizikia: niombe udaktari?

Mdogo wangu, C ya Kemia, D ya Baiolojia na E ya Fizikia ni divisheni II ya pointi 12, na hapo ndipo wengi wanajidanganya. TCU, tume ya vyuo vikuu, wanahesabu kinyume na NECTA, baraza la mitihani: kwa TCU A ni 5, E ni 1. Kwao una 6, kiwango cha chini cha MD (shahada ya udaktari), lakini wanataka angalau D kwa kila somo. E hiyo inakukata hata vyuo binafsi, kwa hiyo usichome ada ya maombi Muhimbili wala Kairuki.

Rudia Fizikia peke yake kama mtahiniwa binafsi; mtihani ni Mei. Usipuuze praktiko, ndiyo inayowaangusha wa mitaani wasiogusa maabara. Tafuta kituo chenye vifaa.

Ila ukipata D tu, bado utakuwa na 7, na Muhimbili wanagombaniwa na wenye A. Njia ndefu lakini ya uhakika zaidi ni diploma ya utabibu, miaka mitatu. GPA (wastani wa alama) ya 3.0 inakufungulia mlango wa MD. Kabla hujalipa, hakikisha chuo kina usajili wa NACTVET, baraza linalosimamia vyuo vya diploma.